Mfungo Mkavu wa Mlima Meza

Bhanu ametembea miji kumi na minne ya nchi za watu, na katika yote hiyo kitu anachoweza kukueleza kwa uhakika ni masinki. Sinki la Venisi lilikuwa linarudisha maji. La Lisboni lilikuwa dogo, sufuria ya wali haiingii mpaka uilaze ubavu. La Istanbul lilikuwa zuri, pana, la marumaru, na mpaka leo akilikumbuka husema, "Lile ndilo sinki." Ukimuuliza habari za madaraja na majumba ya wafalme atakwambia kamuulize Damyanti, mmoja wa wale anaowapikia, maana Damyanti ndiye aliyekwenda kutembea. Yeye alikwenda kupika.

Kuna watu London hii, sijui niwaiteje bila kutukana, wanaovuka bahari mbili ili wakale dengu ileile waliyoiacha nyumbani Stanmore. Hao ndio abiria wa Pradip. Pradip ni mzaliwa wa Nairobi, mtu wa maneno laini na viatu vinavyong'aa, mwenye kampuni ya safari yenye sifa moja tu: mpishi wenu anasafiri nanyi. Hakuna nyama, hakuna yai, hakuna kitunguu wala thomu kwa wale wasiokula, na sufuria zinatoka London zimefungwa kamba, kwa sababu za hoteli hazijulikani zilipikiwa nini. Hilo la sufuria mimi silicheki. Dini ni dini, na Bhanu mwenyewe tangu azaliwe hajagusa nyama. Ninachokicheka ni vile wanavyoteremka kwenye basi mbele ya kitu ambacho wenzao wamekisafiria umri mzima, wakakitazama dakika mbili, kisha mmoja akageuka na kuuliza, "Bhanuben ametutilia nini leo?"

Ben ni dada, kama bhai ni kaka. Wote humwita dada. Dada, chai. Dada, achari iko wapi? Udugu huo huanza saa kumi na mbili asubuhi na kukoma basi linapowasha moto kwenda matembezini, maana hapo wao hupanda na dada hubaki.

Alizaliwa Unguja, mtaa wa Hurumzi, binti wa fundi cherehani. Mapinduzi yalipotokea alikuwa na miaka kumi na moja. Walivukia Dar es Salaam na mabegi mawili, wakakaa huko miaka, kisha wakaja London katika baridi ambayo mama yake aliiita adhabu isiyo na kosa. Bhanu alifanya kazi kiwandani, akibandika lebo kwenye chupa za dawa ya kikohozi, mpaka kiwanda kikafungwa. Mume akafa. Akaanza kupikia harusi za watu, na katika harusi moja Pradip akaonja biringani lake, akalamba vidole, akamganda kama kupe. Nyumbani kwake Neasden, anakokaa na mwanawe na mkwewe, huongea Kigujarati. Akikasirika hutoka Kiswahili cha Unguja, na wanaomjua wakishasikia hicho hukumbuka kwamba wana shughuli mahali pengine.

Jikoni alikuwa na mwenzake, Zipporah, Mkenya wa Thornton Heath. Siku za kawaida Zipporah huwatunza wazee majumbani mwao. Safari ikitokea, huchukua likizo akaja kuosha vyombo na kumenya. Kumenya tu. Mikono yake iliruhusiwa kumenya gunia zima la viazi lakini haikuruhusiwa kuvikoroga, kwa sababu Damyanti na wenzake hawali kilichopikwa na mtu wa nje.

"Nikimenya, kiazi hakinijui," Zipporah alikuwa akisema. "Kikishaingia kwa sufuria ndio kinaanza kuuliza kabila."

Bhanu alimaka mara ya kwanza aliposikia maneno hayo, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Sasa, kilichomsumbua Bhanu hakikuwa masinki. Alikuwa ameyazoea. Kilichomsumbua ni mjukuu wake, Indu, mtoto wa miaka kumi, mwembamba, mwenye maswali kama ya hakimu. Indu anakielewa Kigujarati cha bibi yake na Kiswahili chake cha hasira, lakini hujibu Kiingereza. Chumbani kwake alikuwa na ubao aliobandika kadi za posta kumi na tatu, kila mji kadi moja, zote kutoka kwa Ba, yaani bibi. Shuleni alikuwa amejitapa: bibi yangu ametembea dunia nzima. Siku moja akamwita Bhanu mbele ya ubao ule.

"Ba, wewe uko wapi hapa?"

"Mimi ndiye niliyezileta."

"Najua. Lakini haumo. Wenzangu wanasema kadi hizi hata dukani Wembley mtu anaweza kununua." Mtoto hakusema kwa ubaya. Alisema kwa kutaka kusaidiwa. "Una picha hata moja uliyopo?"

Bhanu hakuwa nayo. Miaka kumi na mmoja, miji kumi na mitatu, hakuna mtu aliyewahi kusema, Bhanuben hebu simama hapo. Ilimuuma sana, na alijiona mwongo ingawa hakuwa amedanganya. Akamwahidi Indu kwamba safari inayofuata ataleta picha, yeye akiwa katikati, na mji wote nyuma yake.

Safari iliyofuata ilikuwa Cape Town.

Mkutano wa kupanga ulifanyika Stanmore, sebuleni kwa Damyanti, ambako makochi yamevikwa plastiki na mgeni akiinuka plastiki hulia. Damyanti ndiye kinara wa abiria wa Pradip. Mumewe Mansukh alikuwa mfamasia, sasa amestaafu, na kazi yake ni kukubaliana. Pradip akatandaza ratiba: siku ya bahari, siku ya mashamba ya mizabibu, siku ya kupanda Mlima Meza kwa kile kibanda kinachokwenda juu kwenye waya. Bhanu, aliyekuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, akatupa jicho kwenye kalenda. Siku ya mlima ilikuwa Ekadashi.

Ekadashi ni siku ya kumi na moja ya mwezi wa angani, huja mara mbili kila mwezi, ukikua na ukipungua, na Mhindu mwenye kushika dini hufunga. Mama yake Bhanu, pale Hurumzi, alikuwa akifunga kavu: tangu alfajiri mpaka alfajiri ya pili, bila punje wala tone. Lakini kuna mfungo mwingine, nao ni wa Stanmore. Huo unakataza nafaka na dengu tu. Kwa hiyo mfungaji, masikini ya Mungu, hubakiwa na sago, viazi, mihogo ya kukaanga, karanga, mtindi, ndizi, maziwa ya iliki, vyote vikolezwe kwa chumvi ya mawe, na vipikwe kwenye sufuria zilizosuguliwa upya. Siku ya kawaida Bhanu hupika vyakula vinne. Siku ya mfungo hupika tisa.

Hapo ndipo alipofanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya miaka kumi na mmoja. Aliweka sinia chini akasema.

"Pradipbhai, siku ya mlima ni Ekadashi. Ikiwa mnafunga, basi fungeni kavu, kama walivyofunga wazee wetu. Ni siku moja. Jiko lilale, na mimi nipande nanyi."

Plastiki zote zikanyamaza. Kisha Damyanti akaweka mkono kifuani, macho yakamlegea. "Bhanuben! Umenigusa hapa. Juu ya mlima, karibu na Mungu, bila hata maji! Mimi wa kwanza."

"Kavu," akasema Mansukh.

"Kavu!" wakasema wote, wakapiga makofi, wakijipigia wenyewe. Pradip akashika mkono wa Bhanu mbele ya kadamnasi. "Neno langu ndilo hili, dada. Siku hiyo wewe ni abiria."

Na Bhanu akaamini. Mwanamke wa miaka sitini na mmoja, aliyepikia harusi mia nne na kusikia ahadi za wachumba wa kila namna, akaamini! Alikwenda na Zipporah madukani Thornton Heath kununua viatu vya kutembelea, vyepesi, vyenye mshipi. Indu akampa kamera yake ndogo, akamfundisha kitufe cha kubonyeza. "Lakini usibonyeze wewe, Ba. Mpe mtu. Wewe simama mbele."

Nyumba ya wageni ya Cape Town, nasikia, ilikuwa na veranda inayotazama bahari yote. Jiko lilikuwa nyuma. Dirisha lake lilitazama ukuta, na mbele ya ukuta ulisimamishwa mtungi wa gesi, na juu ya ukuta, ukichuchumia, ulionekana mlima kiasi cha ukucha. Bahari Bhanu aliisikia harufu. Damyanti alirudi kutoka pwani siku ya kwanza amenuna: mchanga mweupe ndiyo, lakini maji yale baridi, nani aliyaweka pale? Kana kwamba kuna mtu angemletea ya moto akilalamika vya kutosha.

Siku ya mizabibu Bhanu alipelekwa, kwa sababu abiria walitaka chakula cha moto. Alipika nyuma ya basi, kwenye jiko la gesi la kichwa kimoja, Zipporah akikinga upepo kwa kanga. Kwa hiyo mizabibu aliiona: miti mifupi, mistari mirefu, na milima ya buluu iliyokaa kimya upande wa pili. Alipapenda. Alipata dakika tatu za kupapenda, kisha pilipili ikaanza kuungua.

Huko ndiko Mansukh alikotia fora. Mtu huyu aliwahi kukataa mtindi London kwa sababu bakuli liliwekwa rafu moja na mayai. Alionjeshwa mvinyo mwekundu, kidogo, chini ya glasi. Akaonja na mweupe, kwa ajili ya kulinganisha. Glasi ya sita alikuja nayo nyuma ya basi kumweleza Bhanu jambo muhimu.

"Ni zabibu tu, dada," alisema, machozi yakimlenga. "Ni mboga."

Walimpandisha basi wakimshika kwapa, akiimba wimbo wa harusi. Damyanti akawaambia abiria kwamba ni jua.

Upepo ulifunga mlima siku mbili. Alfajiri ya Ekadashi upepo ukalala, mbingu ikatakata, hakuna wingu hata la dawa. Bhanu alioga, akasali, akavaa sari yake ya buluu na viatu vya Thornton Heath, akatia kamera mkobani. Hakuweka kitu kinywani, hata maji, kama mama yake. Saa kumi na mbili na nusu alikuwa amekaa kwenye kiti karibu na mlango, mkoba mapajani.

Wa kwanza kushuka alikuwa Damyanti.

"Aa, Bhanuben! Umependeza. Unakwenda wapi?"

Bhanu alidhani ni mzaha. Akatabasamu.

"Sasa sikiliza, dada," Damyanti akaendelea, akimvuta pembeni. "Mimi nimenuia kavu, Mungu anajua. Lakini nina vidonge vyangu, haviendi tumbo tupu. Nitengenezee sago kiganja tu. Kiganja! Na kiazi kimoja, kisiwe peke yake."

Kutoka ngazini Mansukh akaita, "Ikiwa jiko linawashwa kwa ajili yake, basi na mimi mihogo." Nyuma yake akaja mwingine mwenye sukari, na mwingine ambaye mke wake ana sukari, na mwingine asiye na chochote isipokuwa njaa. Ndani ya robo saa watu thelathini na wawili walikuwa na maradhi. Pradip alisimama katikati akijikuna kichwa, viatu vinang'aa.

"Pradipbhai," Bhanu akasema. "Neno lako."

"Dada, wageni ni wageni. Nifanyeje? Utapanda kesho."

Kesho ilikuwa siku ya ndege, na wote wawili walijua.

Zipporah akamsogelea. "Mama, wewe enda. Enda sasa hivi. Mimi nitapika. Nimekuangalia miaka sita, najua kila kitu mpaka hiyo chumvi ya mawe. Watajuaje?"

Bhanu alimtazama, na alitamani sana. Ningekuwa mimi ningekuwa kwenye waya tayari. Lakini yeye akatikisa kichwa. "Wanaamini mpishi ni mimi. Siwezi kumlisha mtu kwa udanganyifu siku ya mfungo wake, hata kama mfungo wenyewe ni wa kudanganya. Panda wewe, mwanangu."

"Mimi niende kuangalia mawe na wewe unakoroga? Zii." Zipporah akachukua kisu na kiazi cha kwanza.

Bhanu akavua viatu, akavirudisha kwenye boksi lake. Akapika vyakula tisa, hajanywa hata maji. Vikafungwa, vikapanda mlima bila yeye. Jioni abiria wakarudi wamepigwa na jua, wanacheka, kila mmoja na picha mia. Damyanti akaingia jikoni mwenyewe, jambo la nadra, akampa chombo kitupu.

"Mlima mzuri," alisema. "Lakini sago ilikauka kidogo."

Yule aliponyanyua mguu kuondoka, Bhanu akatoa kamera, akachuchumia dirishani, akabonyeza.

Nyumbani Neasden, Indu alitazama picha hiyo kwa muda mrefu. "Ba, huu ni mtungi wa gesi."

"Tazama juu yake. Pale, kwenye pembe."

Indu akaivuta, akaikuza, akauona ule ukucha. Bhanu akamweleza yote, kiganja cha sago na maradhi ya ghafla. Mtoto akamkumbatia. "Basi si kosa lako," akasema, na akabandika picha ya mtungi kwenye ubao, mahali pa kumi na nne. Bhanu akashukuru, akaona yamekwisha. Picha aliyoahidi hakuileta, lakini mtoto amemwamini.

Yangeishia hapo kama Damyanti asingekuwa na mdomo.

Baada ya miezi miwili Pradip alipita kuacha karatasi za tangazo. Cape Town mara ya pili! Wote mnakaribishwa Jumamosi adhuhuri, ukumbi wa Stanmore, picha na chakula. Indu akaisoma karatasi mezani, na katikati yake palikuwa na sura ya Damyanti akiwa mlimani, mikono ameikunjua, na chini yake maneno yake. Indu akayasoma kwa sauti: Siku ile takatifu sisi sote thelathini na wawili tulifunga kavu, bila tone la maji. Jiko lilifungwa, na mpishi wetu mpendwa akafurahia mapumziko yake.

Indu akasoma tena mstari wa mwisho, polepole.

"Ba," akasema, "jiko lilifungwa?"

"Halikufungwa."

"Imeandikwa lilifungwa. Imeandikwa ulipumzika." Macho yake yalikuwa yamejaa. "Kama ulipumzika, kwa nini hukupanda? Kwa nini uliniambia ulikuwa unapika?"

Bhanu akaona hana shahidi. Upande mmoja yeye na mtungi wa gesi, upande wa pili karatasi ya rangi, iliyopigwa chapa. Mtoto wa London huamini karatasi. Indu akaenda chumbani, na Bhanu akasikia pini ikichomolewa kwenye ubao. Watu hawa walimnyima mlima, akanyamaza. Sasa walikuwa wanamnyima mjukuu.

Akapiga simu. Pradip akacheka. "Ni tangazo tu, Bhanuben! Watu siku hizi wanapenda mambo ya roho. Usijali. Ila Jumamosi ni Ekadashi, sikuitazama kalenda. Watu sitini. Basi utengeneze ya mfungo, kama Cape Town."

"Kama Cape Town," Bhanu akasema, na sasa alikuwa anasema Kiswahili, "au kama Cape Town ilivyoandikwa kwenye karatasi?"

"Hiyohiyo ya kwenye karatasi, dada," akasema Pradip, ambaye wakati huo alikuwa anaegesha gari na hasikilizi.

"Haya."

Ile haya ya Unguja, fupi, isiyo na mkia. Angekuwa mtu wa Unguja angegeuza gari palepale.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wazee wa Nairobi, wa Kampala, wa Mombasa, wa Zanzibar, wamevaa vizuri, wamekuja mapema wapate viti karibu na meza ya chakula. Zipporah alikuwa amekwishapanga sufuria sita kubwa, zimefunikwa, na taulo juu ya kila mfuniko. Bhanu hakuingilia mlango wa jikoni. Aliingilia mlango wa mbele, sari ya buluu, viatu vya mshipi, amemshika Indu mkono, akakaa safu ya kwanza.

Pradip akaja mbio, amejikunja. "Dada, jikoni kuna nani?"

"Leo nimefunga," Bhanu akasema. "Kila kitu kipo mezani."

Picha zikapita ukutani, bahari, mizabibu, mlima. Damyanti akasimama mbele ya mwangaza na kuwasimulia watu ule mfungo mkavu. Alivyokuwa anasimulia, hata midomo yake ilikauka. Koo lilivyokuwa linachoma! Mansukh alivyotaka kuzimia lakini akasema, la, kavu! Watu wakaguna kwa heshima. Aliendelea nusu saa, na harufu ya chakula haikuja, na wazee wakaanza kugeuza vichwa kuelekea mezani.

"Sasa tule," akasema Pradip.

Mansukh alifika wa kwanza, kama kawaida yake. Akafunua sufuria. Akainama, akaifunika, akafunua ya pili. Akafunua ya tatu.

"Maji," akasema.

Zote sita. Maji safi, ya bomba, na kata ndani ya kila moja.

Bhanu akasimama. Alisema Kiswahili, na katika ukumbi ule hapakuwa na mzee aliyehitaji mkalimani. "Pradipbhai aliniambia nipike kama Cape Town ilivyoandikwa kwenye karatasi. Nimesoma karatasi. Imeandikwa mlifunga kavu na jiko likafungwa. Basi leo ni Ekadashi, na mimi nimelifunga. Kavu hasa ni bila maji, lakini nimewahurumia, kwa kuwa wengine wenu mna vidonge."

Mtu wa nyuma akacheka, akajiziba. Damyanti alikuwa amesimama bado kwenye mwangaza, picha ya mlima imemwangukia usoni. "Bhanuben, unanivunjia heshima mbele za watu! Kama ulikuwa na neno, si ungesema?"

"Nilisema. Kwako, penye makochi ya plastiki. Mkapiga makofi."

Hapo ndipo Indu aliposimama. Hakumtazama bibi yake. Alimtazama Damyanti, akauliza kwa Kiingereza, kwa ile sauti yake ya hakimu, "Auntie, siku ile ya mlima, bibi yangu alipika au hakupika?"

Watu sitini wenye njaa walisubiri jibu. Damyanti akamtazama Pradip, na Pradip akatazama viatu vyake. Akamtazama Mansukh, ambaye maisha yake yote hakumwangusha, na Mansukh, kata ya maji mkononi, akashindwa kuvumilia.

"Alipika," akasema. "Sago. Na mihogo. Na viazi vya bizari, na maziwa ya iliki." Akameza mate. "Ilikuwa tamu sana."

"Haikukauka?" Bhanu akauliza.

"Haikukauka, dada."

Indu akakaa. Akauchukua mkono wa bibi yake akauweka mapajani mwake, na hakuuachia tena. Bhanu alijua kwamba mtoto amemrudia, na machozi yakamtoka, hakuyaficha.

Pradip, mtu wa biashara, akajaribu kuokoa kilichobaki. Akapiga makofi mawili. "Jamani, basi! Bhanuben ni familia. Dada, njoo usimame hapa mbele ya ukuta, mlima uko nyuma yako, tukupige picha nzuri, kama ulikuwepo!"

"Sikuwepo," Bhanu akasema. "Mlima wa ukutani simpelekei mtu."

Kazi ile iliishia pale, na ya Zipporah pia, ingawa Zipporah alisema kwamba wazee wake wa Thornton Heath angalau huwa wanasema asante. Pradip akapata mpishi mwingine, na safari ya Cape Town ya pili ilikwenda, na nasikia Mansukh aliiona tena mizabibu. Sina la kuwaambia watu hao.

Lakini kabla hawajatoka ukumbini, Bhanu alimpa Zipporah ile kamera ndogo. Akasimama mbele, kama alivyofundishwa, Indu ubavuni, Zipporah akarudi hatua tatu nyuma ili aipate sari mpaka kwenye viatu. Nyuma yao zikaonekana sufuria sita wazi, na wazee wa Stanmore wamepanga foleni, wameshika sahani tupu, nyuso zimewaanguka.

Picha hiyo ndiyo iliyochukua mahali pa kumi na nne kwenye ubao. Ndiyo pekee ambayo Ba yumo. Indu alikuwa na kalamu mkononi, maana kila kadi huiandikia jina la mji chini yake.

"Niandike wapi, Ba?"

"Andika Stanmore," Bhanu akasema. "Kwingine niliona masinki. Huko ndiko nilikowaona watu."